Ukungu wa Ruvuma na Mkono wa Fundi Picha

Mjadala huu ni wa picha moja. Tuseme imepigwa alfajiri ya kipupwe, mwezi wa saba, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma upande wa Kilambo, ukungu mzito ukiwa umelala juu ya maji. Mbele kuna kichwa cha kiboko, macho, masikio na pua nje. Kando yake, kwenye fungu la mchanga, wamesimama yangeyange wawili. Nyuma kabisa pana weusi hafifu: huenda ni mikoko, huenda ni mitumbwi iliyofungwa, huenda ni ng'ambo yenyewe, Msumbiji. Picha imeletwa kwenye studio ya Magomeni, mjini Mtwara, ichapwe kubwa na iingie kwenye kalenda. Fundi anauliza: huu ukungu tuufute au tuuache?

Sauti nne zinazofuata nimezitunga, lakini hoja zao si za kubuni. Ziko mitaani kwetu. Yupo fundi wa studio, anayeishi kwa picha za harusi, pasipoti na mahafali. Yupo binti aliyepiga picha, ambaye hutembeza wageni wanaokuja kutazama ndege wa pwani ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Yupo mzee mvuvi wa Msimbati, na yupo mwalimu mstaafu wa baiolojia. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza, na sitaficha niko upande gani.

FUNDI: Nianze mimi, maana mashine ni yangu. Picha hii nikiichapa ilivyo, itatoka kijivu tupu kuanzia juu mpaka chini, na mteja atanirudishia. Mtu ananunua kalenda amuone kiboko. Naifungua kwenye programu ya Lightroom, navuta kale kamshale ka kuondoa ukungu, kapo tangu mwaka 2015. Nusu dakika tu, kiboko anatokea na mashavu yake, na ng'ambo unaona mpaka mizizi ya mikoko. Nani atalalamika?

BINTI: Shikamoo Mzee, shikamoo Mwalimu. Kaka fundi, mimi nitalalamika, lakini kwanza nikupe haki yako. Huo ukijivu unaouona si ukungu, ni kamera. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila kinachoonekana mbele yake, ukikichanganya chote, ni kijivu cha kati. Ukiielekeza kwenye weupe mtupu inaona mwanga umezidi, inaubana, na weupe unageuka kijivu. Ndiyo maana kwenye ukungu tunaongeza mwangaza stopu moja, wakati mwingine zaidi, kabla ya kubonyeza. Kwa hiyo ukiipandisha hii picha mpaka ukungu urudi kuwa mweupe kama macho yangu yalivyouona, hujadanganya mtu. Umerekebisha kosa la mashine.

FUNDI: Basi tumekubaliana.

BINTI: Kwenye hilo tu. Kupandisha mwangaza kunagusa picha nzima kwa kipimo kimoja. Kale kamshale kako hakafanyi hivyo. Kanapita sehemu kwa sehemu, kanakadiria hapa ukungu ni mwingi, pale ni kidogo, kisha kanatoa hapa sana na pale kidogo. Anayekadiria si wewe wala mimi, na hakuwepo mtoni.

MZEE: Marahaba wanangu. Mimi kamera siijui, lakini ukungu naujua. Njomba, unasema kufuta ukungu kama mtu anayefuta vumbi juu ya meza. Ukifuta vumbi, meza inabaki pale pale. Ukungu ukiufuta, vitu vinahama. Sisi tukitoka na mtumbwi alfajiri hatuna kipimo kingine cha mbali na karibu. Tunatazama weusi wa mbele: ukiwa mzito, kuna kitu kipo hapa hapa, punguza kasia, piga ubavu wa mtumbwi wakusikie. Ukiwa hafifu, nafasi bado ipo. Na alfajiri ndiyo saa ya kiboko kurudi majini, usiku kucha alikuwa nchi kavu anakula majani. Sasa nitazame hii ya kwako. Ng'ambo umeileta mpaka puani pa kiboko. Mgeni akiiona atasema mto huu unavukwa kwa pumzi moja. Mwambie aje avuke.

Hapa lazima niingie. Nimesoma na kusikia mengi juu ya uhariri wa picha za wanyama, na karibu yote huzungumzia rangi: umezidisha wekundu wa machweo, umeyafanya manyoya yang'ae kupita kiasi. Hoja ya Mzee ni nzito kuliko hizo zote. Picha ni karatasi bapa, haina kina. Jicho linajua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma kwa dalili chache tu, na kwenye mto mpana usio na miti ya karibu, hewa yenyewe ndiyo dalili kubwa. Ukiiondoa hewa, umebadilisha mahali mnyama alipo. Hakuna mnyama mwingine kwenye mto ule ambaye umbali wake ni suala la kufa na kupona kama kiboko na mamba.

MWALIMU: Mzee amesema kwa kasia jambo ambalo Mjerumani Harald Koschmieder aliliandika kwa hesabu mwaka 1924. Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea, na wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale ambapo macho hayafiki mita 1,000. Kila tone linatawanya mwanga. Mwanga unaotoka kwa kiboko unapungua njiani, na papo hapo weupe wa hewa unaongezeka kati yake na wewe. Tofauti ya weusi na weupe haipungui kwa kujumlisha, inapungua kwa kuzidisha. Chukua asubuhi ambayo kwa mita 100 unabakiwa na nusu ya tofauti hiyo. Kwa mita 200 umebakiwa na robo, kwa mita 300 thumni. Ndiyo maana kiboko wa mita 40 unamwona vizuri na ng'ambo, tuseme ya mita 300, imebaki kivuli.

FUNDI: Basi Mwalimu, kama ni hesabu, si inaweza kugeuzwa? Unachukua thumni, unazidisha kwa nane, ng'ambo inarudi.

MWALIMU: Swali zuri sana hilo, na ndilo walilolifanyia kazi wanasayansi wa kompyuta. Shida ni moja. Ili uzidishe, lazima ujue umbali wa kila kitu kwenye picha, na picha haikwambii. Kwa hiyo programu inabuni. Mwaka 2009 watafiti watatu, Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang, walitoa njia iliyokuja kuwa maarufu sana. Waligundua kwamba kwenye picha za kawaida za nje, ukichukua kipande kidogo chochote kisichokuwa cha mbingu, karibu kila mara utakuta humo nukta iliyo nyeusi walau katika rangi moja: kivuli, jani bichi, udongo. Kipande kikikosa weusi wowote, basi weupe uliomo umeletwa na ukungu. Unaupima, unautoa. Ni wazo jepesi na lina akili nyingi.

BINTI: Na yangeyange?

MWALIMU: Ndiyo, binti, na yangeyange? Yangeyange wa picha hii ana manyoya meupe mwili mzima na amesimama juu ya mchanga mweupe. Manyoya yake hayana nukta nyeusi ya kuiridhisha hesabu. Watafiti wenyewe waliandika kwamba njia yao hukwama pale kitu kinapofanana na hewa iliyokizunguka. Programu inamtazama yangeyange wetu na kumhesabu kuwa ukungu. Kisha inafanya kazi yake: inamtoa. Anabaki mchafu, kijivu.

FUNDI: Nampaka brashi, nawaambia yangeyange wasiguswe. Dakika tano.

MWALIMU: Unaweza. Lakini hapo ni mkono wako unaoamua huyu ni ndege na huyu ni ukungu. Na kwenye pwani hii mkono unaweza kukosea vibaya. Tuna yangeyange wa mwambani ambaye spishi yake moja ina weupe, ina weusi wa kijivu, na ina wa katikati. Akiwa mbali ndani ya ukungu, yule mweusi anaonekana wa kijivu cha kati. Ukimsafisha kidogo ni wa aina moja, ukimsafisha sana ni wa aina nyingine. Tuna pia yule mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na domo nene, anayezaliana kwenye mashimo ya mchanga huko Uarabuni na Somalia, kisha anashuka kukaa kwetu. Wageni wa binti huyu wanavuka bahari kumwona. Mtu akimtambua ndege kwa picha iliyosafishwa, akamwandika kwenye orodha, ameiandika orodha hiyo kwa ubashiri wa programu.

BINTI: Kuna pia chenga, zile punje punje zinazotokea kwenye picha. Faili ghafi ya kamera yangu ina biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwangaza kwa kila rangi. JPEG ina 256. Kwenye ukungu, kila kitu kimebanana katikati, hakuna cheusi cha kweli wala cheupe cha kweli, kwa hiyo hata hizo ngazi unazitumia chache. Ukizivuta zijae karatasi nzima, unavuta pamoja na chenga zote zilizokuwa zimelala. Fundi, itazame ng'ambo yako kwa karibu. Hiyo uliyoiita mizizi ya mikoko, nusu yake ni chenga. Na pembeni ya masikio ya kiboko kuna duara jeupe ambalo hakuzaliwa nalo.

FUNDI: Chenga nazo zina dawa yake siku hizi. Akili mnemba inazifuta.

BINTI: Inazifuta kwa kuchora kitu kingine badala yake! Inajua mikoko mingi ilivyo, inakuchorea mikoko. Itakuwa mikoko mizuri sana, ila siyo ile ya Ruvuma.

Fundi hakushindwa bado, na sitaki ashindwe kirahisi, kwa sababu ana hoja ambayo watu wa uhifadhi huikwepa.

FUNDI: Nyie mnanisema mimi wa Magomeni, lakini wakubwa wanafanya makubwa kuliko haya. Yule mpiga picha Nick Brandt, aliyeipiga picha Afrika Mashariki miaka yote hiyo, mwaka 2020 alikwenda Kenya na Zimbabwe akapiga picha za watu walioharibiwa maisha na ukame na mafuriko, wamekaa pamoja na wanyama waliookolewa. Ukungu umetanda kila picha. Kitabu kikatoka mwaka 2021, dunia ikapiga makofi. Na ule ukungu ulitoka kwenye mashine! Yeye kaongeza ukungu ambao haukuwepo, mimi napunguza uliokuwepo. Mkosaji nani?

BINTI: Brandt alisema. Kila anayezungumzia picha zile anajua ni ukungu wa mashine, kwa sababu mwenyewe hakuuficha. Tena mtu na mnyama walikuwa kwenye fremu moja, mahali pamoja, wakati mmoja, hakuwaunganisha kwenye kompyuta. Wanyama wale wamezoea watu, na hilo nalo alilisema. Mtazamaji hakuibiwa kitu.

MWALIMU: Na wapo walioumia bila kugusa programu hata kidogo. Shindano la mpiga picha bora wa wanyamapori la Makumbusho ya Historia ya Asili ya London lilimnyang'anya José Luis Rodríguez ushindi mwaka 2010, kwa sababu waamuzi waliona mbwa mwitu wake alikuwa wa kukodishwa, aliyefundishwa kuruka. Mwaka 2018 likamwondoa Marcio Cabral wa Brazili. Walihitimisha kwamba mnyama mla mchwa kwenye picha yake alikuwa ameshonwa na kujazwa. Wote wawili walikana. Hakuna aliyeshtakiwa kwa rangi. Walishtakiwa kwa kile ambacho picha ilidai kilitokea.

Nami niongeze mfano wa kale wa nchi hii hii. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kitabu cha picha alizopiga katika koloni la wakati ule, nyingine usiku kwa mwako wa unga: simba, punda milia, fisi kwenye mizoga. Zilikuwa zaidi ya picha 300, na ukurasa wa jina la kitabu ulitangaza kwamba zimechapwa kwa uaminifu wa hati rasmi. Picha za namna ile zilikuwa nadra sana wakati ule, na alijua swali la kwanza la msomaji lingekuwa ni kama mkono wa mtu umepita. Miaka karibu 90 baadaye, mwaka 1994, Mmarekani Art Wolfe alitoa kitabu cha wanyama wanaohama ambamo baadhi ya makundi, wakiwemo punda milia, yaliongezwa wanyama kwa kompyuta. Aliandika mwanzoni mwa kitabu kwamba baadhi ya picha zimebadilishwa, na bado akashambuliwa vikali. Naona walimwonea kwa sehemu, na kwa sehemu walikuwa na haki: alisema mlangoni, lakini chini ya kila picha hakusema. Mtu anayefungua kitabu katikati anakutana na punda milia, hakutani na dibaji.

MZEE: Niwarudishe mtoni. Mnazungumza makumbusho na vitabu. Kijijini picha siku hizi ni ushahidi. Kiboko akiingia shamba la mpunga, vijana wanampiga picha kwa simu, inapelekwa kwa mtendaji, inapanda kwa afisa wanyamapori. Si kuna kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi mtu akiuawa?

MWALIMU: Kipo, kiliwekewa Kanuni mwaka 2011. Na katika Kanuni hizo, kwa kifuta jasho, umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi uliingizwa kwenye hesabu.

MZEE: Umbali! Ndio ninaousema tangu asubuhi. Mtu akipeleka picha ya ukungu iliyosafishwa, kiboko aliyekuwa katikati ya mto ataonekana yuko ukingoni, kwenye mpunga. Leo itamsaidia mwenye shamba, kesho itamponza. Afisa akishagundua moja ni ya uongo, hataamini hata ile ya mtoto aliyejeruhiwa kweli.

FUNDI: Mzee, hapo nimekuelewa. Hiyo ya ofisini sitaigusa. Lakini kalenda si ushahidi. Kalenda ni pambo.

MZEE: Pambo linakaa ukutani mwaka mzima, njomba. Mtoto anaanza kuujua mto kwa pambo.

Kwenye kalenda ndipo ninapoachana kidogo na Mzee. Fundi ana haki ya pambo. Picha ya harusi anaing'arisha na hakuna ndoa inayovunjika kwa hilo. Lakini nampinga jambo moja kwa nguvu zangu zote: kwamba picha ya ukungu ni picha mbovu inayosubiri kutibiwa. Kiboko wa alfajiri kwenye Ruvuma anaonekana hivyo, nusu yupo na nusu hayupo. Watu wa Kilambo wanaokwenda kwenye kivuko mapema wanamjua hivyo. Kumtoa kwenye ukungu ili afanane na viboko wa mchana wa kalenda nyingine zote ni kuwanyima watu wa Mtwara sura ya mto wao, kwa ajili ya mnunuzi ambaye tumemdhania tu kwamba hataki ukungu. Nani alimuuliza?

BINTI: Fundi, jaribu hivi. Pandisha mwangaza mpaka weupe uwe mweupe. Weka weusi wa kweli mahali pamoja tu, tundu za pua za kiboko, maana pale palikuwa peusi kweli. Usiguse ng'ambo. Kisha chapa kipande kidogo kwanza, kwa karatasi isiyong'aa, tukitazame mlangoni penye jua.

FUNDI: Kwenye karatasi isiyong'aa weupe unatulia, kweli. Na maelezo ya chini niandike nini?

MWALIMU: Andika kilichotokea. "Kiboko na yangeyange wawili, Mto Ruvuma karibu na Kilambo, alfajiri ya Julai, ukungu mzito. Mwangaza umeongezwa, weusi wa pua umekazwa. Hakuna kingine kilichoondolewa wala kuongezwa."

MZEE: Na umbali.

BINTI: Umbali sikuupima, Mzee. Kiboko nakadiria, ng'ambo sijui.

MZEE: Basi andika: "Ng'ambo haikuonekana vizuri." Huo ni ukweli unaoujua.

Fundi aliandika. Limebaki jambo ambalo hawakulimaliza, na sioni kama wangeweza kulimaliza studioni. Binti ana kamera yenye faili ghafi. Akiulizwa, anaitoa, kama lile shindano la London linavyowadai wanaofika fainali. Lakini picha nyingi za viboko wa Ruvuma zinapigwa kwa simu, na simu za leo haziulizi mtu. Ukibonyeza mara moja zinapiga fremu kadhaa, zinaziunganisha, zinafuta chenga, zinakaza kingo na kuinua giza kabla hujaiona picha. Fundi anasema kama simu imeshahariri, yeye akiongeza kidogo kuna ubaya gani. Binti anasema hiyo ndiyo sababu ya kutoongeza. Mimi niko na binti. Kwa picha yoyote itakayokwenda kwa mtendaji au afisa wanyamapori, naomba studio zetu za Magomeni zifanye mambo mawili: zichukue faili kutoka kwenye simu yenyewe, si ile iliyozunguka kwenye WhatsApp ikabanwa na kupoteza saa na tarehe, na nakala hiyo ibaki kwenye kompyuta ya studio bila kuguswa, hata mteja akitaka ya pili iliyosafishwa. Gharama yake ni nafasi ndogo kwenye diski.